Kuchoma changu, tasi, chewa na sato nyumbani bila kugandia waya: karibuni tujadili

Kifuu cha Moto (mleta uzi)

Wakuu, heshima mbele.

Kila mwisho wa wiki lazima mtu aulize habari za samaki wa kuchoma, na majibu ni yaleyale: tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, pilipili, kazi imekwisha. Viungo havijawahi kumshinda mtu. Kinachotushinda ni moto na maji, na ndicho nataka tukiongelee hapa. Nawasemea hasa samaki wa nyama nyeupe isiyo na mafuta: changu, tasi, chewa, na sato kwa ndugu zetu wa kanda ya ziwa.

Kibua ukimtupa juu ya makaa anajichoma mwenyewe. Mafuta yanamtoka, yanalainisha waya, na hata ukimsahau kidogo bado analika. Changu hana akiba hiyo. Dakika tatu za ziada tu nyama inakuwa kavu, unatafuna huku unatafuta maji ya kunywa.

Tuanze na kugandia. Nyama mbichi ya samaki ikigusa chuma cha moto, protini zake zinakamatana na kile chuma. Ukituliza mkono mpaka pale chini pakauke na kuwa kahawia, samaki anajiachia mwenyewe. Shida ni kwamba wengi tuna haraka. Dakika ya pili mtu ameshaingiza mwiko chini, ngozi inabaki kwenye waya na samaki anageuzwa akiwa uchi. Sasa kama ulimtoa kwenye bakuli la viungo akiwa anachuruzika, mambo ni mabaya zaidi, maana ule moto wote wa mwanzo unaishia kukausha maji. Samaki anachemka badala ya kuchomeka, na muda wote huo ameng'ang'ania waya.

Mimi nafanya hivi. Nanunua Feri, soko la samaki la Dar, asubuhi, changu wa nusu kilo hivi, mzima. Naangalia macho, yawe yamejaa na yanang'aa, nafunua mashavu nione wekundu, halafu nanusa. Samaki mbichi ananukia bahari, hanuki samaki. Wanampaa palepale na kutoa matumbo. Nyumbani namwosha tena, hasa ile damu nyeusi iliyolala kando ya uti wa mgongo kwa ndani, naikwangua kwa ncha ya kisu. Ile ndiyo inayoleta uchungu na shombo watu wakasema samaki alikuwa mbovu.

Kisha nampiga chale tatu kila upande, kina cha kugusa mfupa sehemu ya mgongoni, nyepesi kuelekea tumboni. Nampaka chumvi nje na ndani, na kwenye zile chale. Namwacha nusu saa. Chumvi inavuta maji, utayaona yamejikusanya kwenye sahani. Hayo nayamwaga, halafu namfuta kwa kitambaa safi mpaka ngozi ikiguswa iwe kavu. Viungo vilivyosagwa navipakia kwenye chale na tumboni, nje naacha kiasi kidogo sana, maana kitunguu saumu kibichi kikiungua ni uchungu mtupu. Mwisho napaka mafuta kwenye samaki, na tone kidogo kwenye waya ambao umeshapata moto.

Moto: makaa yavae majivu meupe, miali iwe imekufa. Weka kiganja juu ya waya kiasi cha sentimita 10, uhesabu taratibu. Ukiondoa mkono kwenye mbili, ni moto wa nyama ya mbuzi. Ukifika nne au tano, weka samaki. Mkaa mwingi nasukuma upande mmoja wa jiko, ili nikiona mkia unaungua namzungusha aelekee kwenye ubaridi.

Muda nakadiria kwa unene, si kwa uzito. Kila sentimita 2.5 za sehemu nene ni kama dakika 10 jumla ya pande zote mbili. Upande wa kwanza upewe zaidi ya nusu ya muda, na ugeuze mara moja tu. Basi.

Mwenye nyongeza au mwenye kupinga, uwanja ni wenu.

---

Mzee wa Kijiwe

Uzi wa samaki hauna picha hata moja? Mkuu unatutesa bure.

---

Ndimu Tele

Mleta uzi umeandika vizuri ila ndimu umeikimbia. Sisi kwetu samaki hajaogeshwa ndimu hapandi jikoni. Mama anamloweka tangu asubuhi, jioni ndiyo anachomwa.

---

Kifuu cha Moto

Sijaikimbia, nimeiweka mwisho wa safari. Kuosha kwa ndimu hakuna ubaya, tena kuna sababu. Ile shombo ya samaki wa bahari inatokana na kemikali ambazo asidi inazituliza, kwa hiyo bibi zetu walikuwa sahihi. Ubishi wangu ni kuloweka kutwa nzima. Kata kipande cha changu, kiweke kwenye maji ya ndimu kwa saa mbili, utaona nyama ya nje imegeuka nyeupe kabisa. Imeshaanza kuiva kwa asidi kabla ya moto. Ukiipeleka jikoni inaiva mara ya pili, inakuwa ya unga unga. Robo saa inatosha, kisha mfute. Ndimu ya kula ikamuliwe mezani.

---

Ndimu Tele

Huo unga unga ndio tunaoupenda sisi. Kila nyumba na ladha yake bwana.

---

Mwaloni Original

Niwakilishe Mwanza. Sato ni rahisi kuchoma kuliko huyo changu wenu, ngozi yake ni nene na inavumilia. Ila mna mambo mawili mnayakosea mkinunua sato huko Dar.

Kwanza, ukimpasua tumbo utakuta utando mweusi umebandika kwa ndani. Huo sugua wote kwa chumvi na kidole mpaka kwa ndani pawe peupe. Wauza samaki wenye haraka wanauacha. Samaki akichomwa nao, sehemu ya tumboni inakuwa na kauchungu.

Pili, harufu ya tope. Hiyo mara nyingi ni sato wa bwawani, haitokani na uchafu wa mpishi. Kuna kemikali inayotengenezwa na bakteria na mwani kwenye maji yaliyotuama, samaki anaivuta, inakaa kwenye nyama. Hapo ndimu au siki inasaidia kweli, kwa sababu asidi inaivunja. Kwa hiyo kwa sato wa bwawa naunga mkono ndimu, ila si kutwa nzima.

Sangara hamjamgusa. Minofu yake ni mizuri lakini ukiinunua imeshatolewa ngozi, usiiweke kwenye waya, itapasuka na kudondokea makaani. Mwambie muuzaji akukatie vipande vya mviringo, na ngozi na mfupa wake, unene wa vidole viwili. Mfupa wa kati unashikilia nyama. Huku minofu ya viwandani kwa miaka mingi imesafirishwa Ulaya, wenyeji tukala mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, kwa hiyo nikipata kipande kizima cha sangara sikubali kukiharibu.

---

Ghorofa ya Nne

Samahani wakuu, mnaongea kama kila mtu ana uwanja. Mimi naishi ghorofani na baraza ni ya kusimama mtu mmoja. Nikiwasha jiko la mkaa nikaliweka jikoni na dirisha wazi, si inatosha?

---

Kifuu cha Moto

Dada yangu, hapana. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na dirisha moja haliaminiki. Watu wanalala na jiko la mkaa ndani hawaamki. Barazani kama pako wazi pande mbili na hakuna nguo za jirani juu, sawa. Ikishindikana, tumia oveni.

---

Ghorofa ya Nne

Oveni ninayo, ile ya gesi na umeme. Lakini samaki wa oveni anatoka amechemka.

---

Baridi Kali

Nipo Toronto, na kuanzia Novemba jiko la nje linafunikwa na theluji, kwa hiyo oveni nimeijua vizuri. Dada, usitumie moto wa chini. Oveni nyingi zina waya mwekundu wa juu, ule wa kuchomea. Uwashe dakika kumi kabla, pamoja na trei ndani, trei iwe ya moto. Samaki akiwa mkavu na amepakwa mafuta, mweke juu ya trei hiyo, sentimita 12 au 15 kutoka kwenye waya wa juu. Utasikia anachapa akigusa trei, hapo upande wa chini nao unapata rangi. Hakuna kufunika foili! Foili ndiyo inayomchemsha.

Kwa wenzangu wa huku: kodi na hadoki, samaki weupe wa bahari ya baridi, nyama yake inaachana vipande vikubwa, ukiiweka kwenye waya imekwenda. Nawatafutia majani ya mgomba ya kugandishwa kwenye maduka ya Waasia na Walatino. Jani linapitishwa kwenye moto mpaka linalainika na kung'aa, unalipaka mafuta, unafunga kipande cha samaki ndani yake, unaweka jikoni. Jani linaungua nje, ndani samaki yuko salama.

Na samaki wa kugandishwa ayeyukie kwenye friji usiku mzima. Ukimyeyusha kwa maji ya moto nje inaiva, ndani barafu. Akishayeyuka, mtie kwenye maji ya chumvi, lita moja kwa gramu 60 hivi, dakika 20, halafu umfute. Nyama inakaza kidogo, na ule utomvu mweupe unaotoka pembeni wakati wa kuiva unapungua.

---

Mzee wa Kijiwe

Kumbe samaki ana sayansi hivi. Mimi huwa nanunua kwa mama muuza, mia tano ya kachumbari, naondoka.

---

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Wanangu hamjambo. Nimesoma hadi hapa nangoja mtu ataje samaki wa kupaka, yule wa kuchomwa akipakwa tui la nazi, naona mwazunguka tu.

---

Kifuu cha Moto

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo tulikuwa tunakusubiri wewe wa Mombasa, karibu utufundishe.

---

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Marahaba mwanangu. Ulivyosema habari ya kumfuta samaki ni kweli kabisa, vijana hawafuti.

Samaki wa kupaka hapasuliwi tumboni. Hupasuliwa mgongoni, kisu kinapita kando ya mfupa toka kichwani hadi mkiani, afunguke kama kitabu, tumbo ndilo linabaki kumshikilia. Hapo unene wa nyama unakuwa sawa kote na moto unamfikia sawa. Changu, chewa mdogo, tasi mkubwa, wote wanafaa.

Kosa ninaloliona kwa watu ni kumpaka tui angali mbichi. Tui lina mafuta na sukari yake, likikaa juu ya moto muda wote laungua na samaki ndani bado. Mchome kwanza mkavu, na chumvi, thomu (kitunguu saumu), tangawizi na pilipili kidogo. Upande wa nyama kwanza, upate rangi, kisha umgeuze ngozi iangalie chini. Akishakaribia kuiva ndipo unaanza kupaka.

Rojo lenyewe: tui zito la nazi moja kwa samaki mmoja wa kilo. Nazi ya kukuna mwenyewe, kama unaweza. Tia thomu na tangawizi iliyopondwa, bizari ya manjano kiasi cha ncha ya kijiko, pilipili mbichi, chumvi. Weka kwenye moto mdogo ukikoroga bila kuacha mpaka lishike mgongo wa mwiko. Ukwaju uwe mzito, utie mwisho.

Ukipaka, paka kidogo, acha likauke juu ya nyama, paka tena. Mara tatu, nne. Yale matone yakianguka makaani moshi wake ndio unaompa ile harufu, kwa hivyo usiogope moshi. Sisi twachomea vifuu na makumbi ya nazi, lakini mkaa pia wafaa. Mwisho rojo lililobaki unalimwagia kwenye sahani, wali wa nazi pembeni, au mkate wa mofa kwa anayeupata.

---

Mswahili wa Matrah

Bi Mkubwa umenikumbusha mbali. Sisi hapa Maskati tunaendeleza upakaji huohuo, wazee wetu walirudi kutoka Unguja na nazi zao kichwani. Soko la samaki la Matrah tasi utamkuta anaitwa safi, changu ni sheri, na chewa ndiye hamuri ambaye kila mgahawa wa Ghuba unamwuza. Mukiwa ugenini huku musihangaike, samaki ni walewale.

Nyongeza yangu ni juu ya tasi. Miiba ya mapezi yake ina sumu, na akifa sumu haifi naye mara moja. Kabla hujamshika kumsafisha, chukua mkasi ukate mapezi ya mgongoni na ya tumboni yote. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto kiasi unachoweza kuvumilia bila kuungua, maumivu yanapungua, na ukiona hali haitulii nenda hospitali. Moto wa kuchomea unaiua sumu, kwa mlaji hakuna tatizo.

Halafu tasi anakula mwani, matumbo yake yana harufu kali. Mtoe matumbo mapema, kama unaweza palepale sokoni. Akikaa nayo hadi jioni ile harufu inahamia kwenye nyama, na hakuna ndimu itakayoitoa.

---

Fundi Waya

Mimi si mpishi, ni fundi wa vyuma, nina neno moja. Naona watu wanakata wavu wa kuku au wavu wa madirisha wanaufanya wa kuchomea. Huo umepakwa zinki. Ukipata moto mkali wa mkaa zinki inaungua na kutoa moshi, ukiuvuta utapata homa, na mabaki yake yanabaki kwenye chakula. Tafuta nondo nyembamba nyeusi isiyopakwa kitu, au chuma cha pua kisichoshika kutu (stainless). Kwa samaki mwambie fundi akutengenezee zile nyavu mbili zenye bawaba na mpini mrefu, unambana samaki katikati, ukigeuza unageuza wavu mzima. Kwa mtu anayeanza, hiyo inamaliza nusu ya matatizo ya uzi huu.

---

Kifuu cha Moto

Fundi umemaliza. Ningeongeza tu kwamba hata huo wavu wa kubana upakwe mafuta na upate moto kwanza, na usibane mpaka samaki apasuke. Baada ya kazi uupige brashi ya chuma ukiwa bado moto, masalia ya jana ndiyo yanayomkamata samaki wa leo.

---

Jirani wa Kisumu

Swali kwa wote: mnajuaje ameiva bila kumchanachana? Mimi hufungua katikati na uma mara tatu nne, akifika mezani ni vipande.

---

Mwaloni Original

Angalia kwenye chale, ndiyo faida yake nyingine. Nyama mbichi inapitisha mwanga, ina ung'avu wa kioo. Ikiiva inakuwa nyeupe ya maziwa. Chungulia chale iliyo karibu na kichwa, sehemu nene kuliko zote. Ukiona weupe umefika mfupani na ule mfupa haujabaki mwekundu, toa. Njia nyingine, vuta pezi la mgongoni. Likichomoka bila ubishi, kaiva.

---

Baridi Kali

Huku tunatumia kipimajoto cha jikoni, serikali ya Marekani inashauri nyuzijoto 63 katikati ya samaki. Mimi namtoa kabla kidogo, kwenye 60, namwacha dakika tatu kwenye sahani, anajimalizia mwenyewe na joto lililomo ndani. Nikisubiri zifike 63 akiwa bado motoni, kwenye sahani anapitiliza.

---

Ghorofa ya Nne

Mrejesho. Nimefanya changu kwa oveni, moto wa juu, trei imepata moto kwanza. Ngozi imekauka vizuri na nyama ina maji yake. Mume ameuliza nimenunua wapi. Ila nikajaribu na rojo la Bi Mkubwa na limenikatika, mafuta huku, maji kule. Nilitia ndimu badala ya ukwaju, sikuwa nao.

---

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Ulilichemsha na ndimu ndani, mwanangu, ndio likakatika. Tui na uchachu haviwezi kuchemka pamoja muda mrefu. Lipike mpaka lizito, epua, lipoe kidogo, ndio ukamue ndimu huku wakoroga. Na lile lililokatika usilimwage. Tia vijiko viwili vya tui zito bichi, koroga kwa nguvu nje ya moto, litarudi. La kopo au la kukuna, moto uwe mdogo.

---

Mzee wa Kijiwe

Bi Mkubwa, na picha je?

---

Bi Mkubwa wa Kibokoni

Njoo na samaki wako wewe, picha utapiga mwenyewe.